Majaribio ya Jumamosi, Amarillo

Dola mia tatu tisini na tisa, na kasha la plastiki juu.
Lyle Kuykendall aliiweka mezani,
mdomo ukielekea kifusi, kama sheria isemavyo,
akaniambia: Wewe ndiye fundi. Niambie nimenunua nini.

Kiwandani hapa mimi hutengeneza misumeno ya nyama.
Kabla ya hapo, Kasulu, miaka kumi na minne,
nilikuwa fundi cherehani.
Cherehani husema kabla ya kuharibika;
mwenye sikio husikia springi ikilalamika
wiki mbili kabla uzi haujakatika.
Basi nikaishika bastola kama cherehani ya mteja:
usisifu, usiponde, sikiliza.

Umbo la zamani, la enzi za babu yake Lyle,
nyundo ya nje, kitako cha mbao
au cha kitu kilichofundishwa kufanana na mbao.
Imeundwa Uturuki juzijuzi, ikavishwa sura ya kale
kama kijana aliyeazima koti la marehemu.
Weusi wake si wa chuma, ni wa rangi.
Ndani ya kitelezi, alama za tupa:
mtu fulani alikuwa na haraka ya kwenda kula.
Nilimpenda kidogo mtu huyo.

Magazini mbili, risasi saba kila moja.
Upepo wa Amarillo hauombi ruhusa,
unaleta vumbi na harufu ya mazizi,
unainua karatasi ya shabaha
kana kwamba unataka kusoma upande wa pili.

Niseme jambo moja, kisha niliache.
Mlio huu naujua. Ila nilikuwa sijawahi
kusimama upande huu wake.

Ya kwanza, chini kushoto. Ya pili, chini kushoto.
Lyle akacheka: Unaikaba! Vuta triga kama unavyovuta uzi.
Hakujua alichokisema.
Nikashusha pumzi, nikavuta kama uzi.
Katikati kuna mkwaruzo, mchanga kwenye ugali,
kisha inaachia, safi, bila kutangaza.
Mkono ukapanda, ukashuka,
ganda la shaba likaruka, likaniingia kwenye kola,
moto kama kaa.
Nilicheza ngoma isiyo na jina, miguu tu;
mikono ikabaki palepale, mdomo wa bastola kifusini.
Hilo Lyle alilisifu kuliko shabaha yoyote.

Ya thelathini na saba ikakwama.
Risasi imeinua pua, imegoma mlangoni
kama mgeni asiyejua kama amealikwa.
Lyle akaanza kuitukana bei.
Ngoja, nikamwambia. Nikaitoa magazini, nikaipeleka juani:
ukingo mmoja umepinda, unene wa ukucha.
Ile nyingine haikukwama hata mara moja.
Wahenga walisema rahisi ghali.
Wahenga hawakuwa na koleo.

Mia na hamsini tulipiga mpaka jua likageuka.
Kwa hatua kumi na tano,
kisahani cha chai kinafunika matundu yote,
ukiyasamehe yale yangu ya mwanzo.
Badilisha springi, nikasema. Nyoosha ukingo. Triga ipate msasa,
kidogo, usizidishe, hicho si chuma cha kusamehe.
Ni mashine nzuri
iliyomaliziwa na mtu mwenye njaa.
Na wewe, utanunua yako? akauliza.
Nikaifuta, nikafunga kasha,
nikamrudishia kwa mikono miwili.

Risasi ni jina la madini
kabla halijawa jina la jambo lingine.
Ilibaki viganjani, kijivu, kwenye mikunjo ile
ambayo mafuta ya cherehani yalikuwa yakikaa.
Nyumbani Dafroza akanikimbilia mlangoni
nami nikainua mikono yote juu, kama aliyekamatwa:
Ngoja, mama. Ngoja baba anawe.
Maji baridi, sabuni, tena sabuni.
Nilimsikia nyuma ya mlango wa bafu akihesabu,
kwa Kiswahili hadi kumi,
kisha, kwa kuwa nilichelewa, kwa Kiingereza.